Kuminga, milioni 22.5 na sekunde mbili za kushika mpira

Wakuu, mjadala huu wa mshahara wa Jonathan Kuminga katika NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, umekwama mahali pamoja. Mdau mmoja anasema Jonathan Kuminga alidhulumiwa: fowadi wa miaka 22 aliyefunga wastani wa pointi 24 katika mechi nne za mtoano dhidi ya Minnesota Timberwolves hakustahili kuhangaishwa kiangazi kizima cha 2025, kisha akaishia kupewa miaka miwili tu. Mwingine anamjibu kuwa fowadi asiyefunga kutoka mbali hafikishi hata dola milioni kumi kwa mwaka. Namba mnazotaja ni za kweli, pande zote mbili. Tatizo ni kwamba mnachanganya maswali mawili: anacheza vipi, na nani alikuwa na uwezo wa kumlipa. Bei ya mchezaji huyu haiwezi kueleweka bila kuyatenganisha. Na najua wengi wetu tuna mapenzi naye kwa sababu alizaliwa Goma. Nami ninayo. Ndiyo maana nataka tumsome sawasawa.

Tuanze na kilichosainiwa. Septemba 30, 2025, siku moja kabla ya mwisho wa muda, alisaini na Golden State Warriors miaka miwili yenye thamani iliyoripotiwa kufika hadi dola milioni 48.5 pamoja na marupurupu. Mshahara wa mwaka wa kwanza ulikuwa milioni 22.5, wa pili milioni 24.3, na huo wa pili uliwekwa mikononi mwa timu: ikitaka inauendeleza, isipotaka anakuwa huru. Kwa hiyo anayesema "amepata milioni 48" ajue kuwa yenye uhakika ilikuwa ile 22.5.

Sasa uwanjani.

Kitu cha kwanza cha kumtazama Kuminga hakimo kwenye jedwali la pointi. Ni muda anaokaa na mpira baada ya kuupokea. Mfumo wa Steve Kerr, kocha wake pale Warriors, umejengwa juu ya uamuzi wa nusu sekunde: ukipokea, tupa, toa pasi au penya. Stephen Curry, nyota wa timu hiyo, huwavuta walinzi wawili kwa kukimbia tu, na faida ya mbio zile hudumu muda mfupi mno. Chukua shambulio la aina hii. Curry anatoka kona ya kulia, anapita kwenye skrini mbili (wenzake wanaosimama kumzibia mlinzi), walinzi wanamfuata, mpira unapelekwa kwa Kuminga upande wa kushoto. Mlinzi wake alikuwa ameshuka ndani kuziba njia, kwa hiyo Kuminga ana hatua tatu za uwazi mbele yake. Akiingia papo hapo, mlinzi anamkuta akiwa bado anakimbia kuja mbele, uzito wake wote uko kwenye vidole, hawezi kugeuka. Mara nyingi lakini Kuminga huushusha mpira kwenye nyonga, anachokoza kwa mguu mara moja, mara ya pili, anamsoma mlinzi. Sekunde mbili zimekwisha. Mlinzi amerudi na kukaa chini, mwenzake amesogea kwenye pembe ya eneo la rangi (lile lililo mbele ya goli), na Curry amesimama kutazama. Ndipo anaanza kudunda, na mwisho wake ni mtupo wa mita nne au tano huku mkono wa mlinzi ukiwa usoni. Mtupo ule unaweza kuingia, na ukiingia hupigiwa makofi, lakini ulikuwa mbovu kuliko ule uliokuwepo sekunde mbili kabla.

Wanaosema "afundishwe kuharakisha" wanarahisisha. Akiharakishwa tu anaingia kichwa chini na kupoteza mpira. Kinachohitajika ni kuamua kabla mpira haujafika: macho yaende kwenye miguu ya mlinzi wakati pasi iko hewani. Mlinzi akiwa ndani ya eneo la rangi, mtupo. Akiwa anakuja mbio, mguu wake wa mbele ndio unaotoa jibu: penya upande wa mguu huo, kwa sababu ili akufuate lazima kwanza augeuze mwili mzima. Na kupokea mpira kwenyewe kuwe kwa kuruka kidogo ili miguu yote miwili itue pamoja, maana hapo unaweza kuanza na mguu wowote. Fowadi anayepokea akiwa amesimama wima, magoti yamenyooka, lazima kwanza ajikunje ndipo aondoke, na robo sekunde ile ndiyo inayomrudisha mlinzi.

Nguvu zake hazina mjadala. Hatua ya kwanza ni ya kiwango cha juu kabisa kwa mtu wa zaidi ya mita mbili. Kwenye mashambulizi ya kasi, timu ikipora mpira na yeye akawa pembeni anakimbia, ni vigumu sana kumzuia bila kumchezea rafu. Msimu wa 2023-24 alicheza mechi 74, akafunga wastani wa pointi 16.1 kwa usahihi wa asilimia 52.9. Hiyo si namba ya mtu wa kubahatisha.

Kisha ukaja 2024-25. Pointi 15.3, usahihi ukaanguka hadi asilimia 45.4, akaumia kifundo cha mguu Januari na kumaliza msimu wa kawaida na mechi 47 tu. Mitupo ya pointi tatu ilikuwa asilimia 30.5, mitupo huru asilimia 66.8. Hapa ndipo upande wa pili wa mjadala unaposhika, na kuna mdau aliyewajibu kwa kukumbusha kuwa msimu wa 2022-23 alifunga asilimia 37 ya pointi tatu. Ni kweli. Lakini piga hesabu. Mchezaji anayetupa mara mbili hivi kwa mechi hufikisha kama mitupo 150 kwa msimu. Asilimia 37 ya 150 ni mitupo 55 au 56. Asilimia 33 ni 49 au 50. Tofauti kati ya "anajua kutupa" na "hajui kutupa" ni mitupo sita katika miezi sita! Mitupo sita inaweza kuletwa na bahati ya pete. Ndiyo maana watu wanaopima vijana huangalia mitupo huru pia: hakuna mlinzi, umbali haubadiliki, kwa hiyo mkono wenyewe unaonekana. Yake ilikuwa asilimia 68.4, 65.2, 74.6, kisha 66.8. Mkono wa namna hiyo unaweza kufika asilimia 34 au 35 kutoka kona, ambako umbali ni mita 6.70 badala ya mita 7.24 za juu ya upinde. Kumtegemea kwa asilimia 38 ni kujidanganya.

Katika kikosi kile tatizo lilikuwa kubwa kuliko lingekuwa kwingine. Jimmy Butler alipofika Februari 2025, Warriors tayari walikuwa na Draymond Green. Wote wawili huachwa wazi nje na walinzi. Ukimwongeza Kuminga, unakuwa na watatu ambao wapinzani hawawaogopi mbali na goli, na njia aliyokuwa akipenyea inakuwa na watu wawili zaidi. Kerr alimwacha benchi mwanzo hadi mwisho katika mechi ya mwisho ya msimu wa kawaida dhidi ya Clippers, na tena katika mechi ya kufuzu mtoano dhidi ya Memphis. Watu walisema ni chuki. Kwa maoni yangu ilikuwa nafasi ya uwanja: Butler na Green walikuwa hawatoki, na wa tatu ndiye aliyekosa pa kusimama.

Ulinzi nitaupitia haraka. Mpira ukiwa kwa mtu wake, ni mzuri: miguu myepesi, kifua kizito. Mpira ukiwa upande wa pili, hupotea. Humtazama mwenye mpira, mtu wake anakata nyuma ya mgongo. Rebaundi (mipira anayodaka baada ya mtupo kukosa) 4.6 kwa mechi ni chache kwa mwili ule, na sababu yake inaonekana kila mtupo unapopigwa: anatazama juu badala ya kwanza kumgusa mtu kwa nyonga. Haya yanarekebishika kuliko mtupo.

Tuje kwenye zile mechi nne, kwa kuwa ndizo zinazotajwa kila ukurasa. Curry aliumia msuli wa nyuma ya paja katika mechi ya kwanza ya duru ya pili, Mei 2025. Kuanzia mechi ya pili Kuminga alifunga 18, 30, 23 na 26. Ni pointi 97, wastani wa 24 na kidogo, dhidi ya walinzi wagumu. Naziheshimu. Zinathibitisha kuwa akipewa mpira na uwanja ukafunguliwa anaweza kufunga katika kiwango cha mtoano, na kijana wa umri wake anayeweza hivyo si wengi. Lakini timu ilipoteza zote nne. Mashambulizi yaligeuka kuwa ya mtu mmoja dhidi ya mmoja, jambo analolipenda, na hakukuwa na Curry wa kumsubiri zile sekunde mbili. Timu inayotaka kumnunua kwa namba zile inajiuliza: je, nitampa mpira kiasi kile? Kama una nyota wako mwenyewe, jibu ni hapana, na unarudi kumlipa kwa anachofanya bila mpira.

Sasa pesa, na hapa nawaomba mtulie maana ndipo wengi wanapopotea.

Kuminga alichaguliwa wa 7 katika drafti (uteuzi wa wachezaji wapya) ya 2021. Mchezaji wa raundi ya kwanza hupata mkataba wa miaka minne, miwili ya uhakika na miwili ambayo timu huchagua kuiendeleza. Baada ya msimu wa tatu anaruhusiwa kuongeza mkataba mpaka kabla msimu wa nne kuanza. Kundi lake lilifanya hivyo 2024. Yeye na Warriors hawakuelewana, akacheza mwaka wa nne bila nyongeza, akawa mchezaji huru wa masharti: timu nyingine inaweza kumpa ofa, lakini Warriors wana haki ya kulipa kiasi kilekile na kumbakiza. Ili kushika haki hiyo, timu lazima iweke mezani ofa ya mwaka mmoja. Yake ilikuwa takriban milioni 7.98. Ilishuka hadi hapo kwa sababu hakutimiza kigezo cha kuanza: mechi 41 za kuanza au dakika 2,000, ama katika msimu wa nne au kwa wastani wa misimu miwili ya mwisho. Alianza mechi 46 msimu wa 2023-24 na 10 msimu uliofuata, wastani 28. Kifundo cha mguu na benchi vilimpunguzia hata silaha yake ya kujadiliana.

Kiangazi cha 2025 kikomo cha mishahara, jumla ambayo timu huivuka kwa misamaha ya kanuni tu, kilikuwa milioni 154.6. Timu pekee iliyokuwa na nafasi ya maana chini ya kikomo ilikuwa Brooklyn Nets. Timu iliyo juu ya kikomo ikimtaka mchezaji wa nje hutumia msamaha maalumu, na mkubwa kuliko yote ulianzia milioni 14.1. Kwa hiyo tusiseme "soko lilimthamini kwa milioni 30". Nje ya Warriors, ukiiondoa Brooklyn, hakuna aliyeweza kumwandikia ofa ya kuzidi 14.1. Si yeye peke yake aliyeumia. Josh Giddey alisubiri hadi Septemba ndipo akapata miaka minne, milioni 100, kutoka Chicago Bulls. Cam Thomas na Quentin Grimes walichukua ofa za mwaka mmoja.

Mtauliza, kwa nini basi asisainishwe na kuuzwa kwa mpigo mmoja? Kwa sababu kuuza huku ni kubadilishana wachezaji ambao mishahara yao lazima ikaribiane, na hesabu yake ni hii. Mshahara wake wa 2024-25 ulikuwa milioni 7.6. Timu iliyo juu ya kikomo ikimpa mchezaji wake nyongeza ya zaidi ya asilimia 20 na kumuuza papo hapo, mshahara mpya unahesabiwa nusu upande wa anayeuza. Weka milioni 22.5: kwa Warriors zinasomeka 11.25 zinazotoka, kwa mnunuzi zinasomeka 22.5 zinazoingia. Mnunuzi anataka kutoa mtu wa milioni 20, Warriors hawawezi kumpokea. Juu ya hapo, timu inayopokea mchezaji kwa njia hiyo inafungwa isivuke aproni ya kwanza (mpaka ulio juu ya kikomo), ambayo msimu wa 2025-26 ilikuwa milioni 195.9. Pande mbili zinaweza kukubaliana kabisa juu ya mchezaji na bado makubaliano yasikae kwenye vitabu.

Upande wa Warriors nako palikuwa pamebana. Curry milioni 59.6, Butler 54.1, Green 25.9. Watatu wamekula takriban 139.6. Walipomleta Al Horford kwa msamaha mdogo wa timu zinazolipa kodi ya anasa (kodi ya mishahara mikubwa), walijifunga wasivuke aproni ya pili, milioni 207.8. Hapo kila milioni ya Kuminga ilikuwa inapunguza pesa za kumlipa mchezaji wa 13 na wa 14 kikosini.

Lakini angalieni upande wa pili wa sarafu hiyo. Kama angeondoka bure, Warriors wasingepata milioni 22.5 za kumtafuta mwingine, kwa kuwa walikuwa juu ya kikomo. Mshahara wake ungetoweka tu. Kumsainisha kwa kiasi kikubwa kiasi kulikuwa kujitengenezea mshahara wa kubadilishana baadaye, na tarehe ya kuanza kuruhusiwa kumuuza ilikuwa Januari 15, 2026. Ndiyo sababu alilipwa zaidi ya 14.1 ambayo timu nyingi za nje zingeweza kufikisha. Ndiyo sababu pia timu iliripotiwa kutaka aachie haki ya kukataa kuuzwa, haki ambayo huambatana na mkataba wa mwaka mmoja hata ukiwa na mwaka wa chaguo mbele yake.

Kuna ofa iliyoripotiwa kukataliwa: miaka mitatu, milioni 75.2, mwaka wa tatu ukiwa chaguo la timu. Nyongeza ya juu kwa timu yako ni asilimia 8 ya mshahara wa mwaka wa kwanza, haiongezeki juu ya nyongeza. Kwa hiyo mkataba wa miaka miwili ni mshahara wa kwanza mara 2.08, mitatu mara 3.24, minne mara 4.48, mitano mara 5.8. Gawanya 75.2 kwa 3.24: mwaka wa kwanza 23.2. Miaka miwili ya mwanzo, yenye uhakika, inafika milioni 48.3. Alichosaini kina uhakika wa 22.5. Alichonunua kwa tofauti hiyo ni kufika sokoni bila masharti mwaka mmoja mapema. Namwelewa, maana aliona maisha yake pale yamekwisha. Ila kwa mchezaji aliyetoka kwenye jeraha na mtupo wa asilimia 30, ningeshika ile 48.3 bila kufikiri mara mbili.

Na je, 22.5 ni bei ya haki? Mlinganisho bora ni Jalen Johnson wa Atlanta, kundi lake la 2021, aliyechaguliwa wa 20. Msimu wa 2023-24 Johnson alifunga 16.0, Kuminga 16.1. Pointi zilezile. Rebaundi: 8.7 dhidi ya 4.8. Asisti (pasi za kufungisha): 3.6 dhidi ya 2.2. Oktoba 2024 Johnson akapata miaka mitano, milioni 150. Trey Murphy III, wa 17, alifunga pungufu, 14.8, lakini kwa asilimia 38 ya mitupo karibu minane ya mbali kila mechi. Akapata miaka minne, milioni 112, akianzia 25. Moses Moody, aliyekuwa mwenzake Kuminga palepale Warriors, asiyehitaji mpira na anayekaa konani bila kulalamika, miaka mitatu, 39. Franz Wagner, aliyechaguliwa nafasi moja tu nyuma ya Kuminga, alipata kiwango cha juu, asilimia 25 ya kikomo, ambayo kwa miaka mitano ni milioni 224.

Ukimweka Kuminga katika safu hiyo, mshahara wake wa 2025-26 ulikuwa asilimia 14.5 ya kikomo. Murphy alikuwa asilimia 16.2. Kwa anachofanya bila mpira mimi ningempa kati ya 15 na 17 kwa mwaka. Kwa anachofanya akiwa na mpira katika timu isiyo na mfungaji wa pili, 25 hadi 28. Milioni 22.5 iko katikati ya watu wawili tofauti waliomo ndani ya mchezaji mmoja, na kila upande wa mjadala wetu unamwona mmoja tu.

Kwa aliyeuliza kwa nini Brooklyn hawakutoa ofa wakati nafasi walikuwa nayo: ofa ya mchezaji wa masharti hukufungia pesa zako wakati timu yake inaamua, na Warriors wangelipa sawa na karibu kiasi chochote cha chini ya 25 kwa sababu nilizoeleza juu. Ili wamchukue kweli ilibidi waandike 30 na zaidi kwa miaka minne. Kwa mitupo huru ya asilimia 66.8 na mechi 47, nisingeiandika mimi pia.